Mabegi ya Jeshi Yenye Mfuko wa Maji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanunuzi wa Tanga

Belo la mabegi likifunguliwa Mgandini au Tangamano, halikosi begi moja gumu lenye safu za mikanda ya mlalo, mrija unaoning'inia begani, na muuzaji anayekula kiapo kwamba limetoka moja kwa moja kwa askari wa Marekani. Kiapo hicho ndicho kinachopandisha bei. Wanaoyaulizia mabegi haya ni waendesha baiskeli, ambao Tanga haijawahi kuwakosa, waongoza watalii wa Mapango ya Amboni, vijana wanaopanda Magoroto na Lushoto mwisho wa wiki, na watu wa mashambani wanaoshinda mbali na kisima. Maswali yao ndiyo haya. La kwanza ndilo watu hawapendi kuliuliza, na ndiyo maana limewekwa juu.

Raia anaruhusiwa kubeba begi la jeshi hapa Tanzania?

Begi la mabaka mabaka usinunue. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 178, inakataza raia kuvaa sare za majeshi au mavazi yanayofanana nazo bila ruhusa. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku 7 kwa raia kusalimisha sare na vitu vinavyofanana na sare, na katika orodha iliyosomwa mabegi yalitajwa pamoja na kombati, makoti, kofia na viatu. Kwa hiyo ile hoja ya "hili ni begi tu, si nguo" haina miguu.

Hoja ya pili utakayoisikia sokoni ni kwamba mabaka ni ya Ujerumani au ya Marekani, si ya JWTZ. Anayekusimamisha Chumbageni usiku hatakaa chini kulinganisha mabaka ya Ujerumani na ya kwetu. Na kwa madereva wa malori: Zambia na Zimbabwe nako raia kubeba au kuvaa mabaka ni kosa, kwa hiyo usilitupie hata nyuma ya kiti.

Yanayobaki ni meusi, ya kijivu, ya rangi ya udongo na ya kijani kitupu. Meusi na ya udongo ndiyo ninayowashauri watu. La kijani kitupu lenye nembo, bendera au jina la askari liache hapo hapo, au angalau uliza polisi kabla hujatoa hela. Humu chini nitayataja mabaka mbalimbali kwa sababu husaidia kutambua begi limetoka wapi na lina umri gani. Simshawishi mtu ayabebe.

Huo "mfumo wa maji" ni nini hasa? Umeshonewa ndani?

Karibu kila mara haukushonewa. Muuzaji akisema begi lina mfumo wa maji ndani yake, maana yake ni kwamba begi lina nafasi iliyotengwa kwa ajili hiyo: mfuko mwembamba ulio upande wa mgongo, kitanzi au kindoano juu cha kuning'iniza mfuko wa maji, na tundu karibu na mkanda wa bega la kupitishia mrija. Begani huwa na vitanzi vya lastiki vya kuushika mrija usipigepige.

Kifaa chenyewe kinachoshika maji ni kitu cha pembeni. Ni mfuko wa plastiki laini na ngumu kuchanika, wenye kifuniko kipana cha kujazia, mrija, na mdomo wa kung'ata unaofunguka ukiubana kwa meno na kujifunga ukiuachia. Kwa majeshi mengi kipimo cha kawaida ni lita 3. Jeshi hukihesabu kwa namba yake, mbali na begi, na ndiyo sababu mabegi mengi yanayofika kwetu hayana mfuko wa maji kabisa. Ukikuta vyote viwili pamoja, usichukulie kwamba vilitoka pamoja. Kuna watu kati yako na askari ambao kazi yao ni kuoanisha vitu viuzike.

Kwa umbo utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni begi jembamba la mfuko wa maji peke yake, halina nafasi hata ya kanga. Ya pili ni begi la kati, lita thelathini na kitu, ambalo Wamarekani huliita la mashambulizi. Hili ndilo linalotafutwa zaidi na watu wa baiskeli. Ya tatu ni shanta kubwa lenye fremu ya plastiki, ambamo mfuko wa maji huwekwa chini ya kifuniko au huning'inizwa nje. Shanta likiwa halina fremu, liache, hata kama kila kitu kingine ni halali. Fremu yake huipati Tanga.

Askari ndio waliobuni jambo hili?

Hapana, na watu wa Tanga hufurahi kusikia jibu: ni mwendesha baiskeli. Michael Eidson, mhudumu wa wagonjwa wa dharura kutoka Texas, alikuwa anakwenda kwenye mbio za Hotter'N Hell 100, maili mia moja katika joto la Agosti mjini Wichita Falls. Alichukua mfuko wa dripu, akaujaza maji, akautumbukiza ndani ya soksi, akashonea mgongoni mwa jezi, mrija akaupitisha begani na kuubana kwa kibanio cha nguo. Mwaka 1989 ikazaliwa CamelBak, chapa ya mifuko ya maji ya kubeba mgongoni. Katika Vita vya Ghuba vya 1991 baadhi ya askari wa Marekani walikuwa nayo, wengi wakiwa wamejinunulia. Jeshi lenyewe lilifuata baadaye.

Kabla ya hapo ilikuwa chupa ya kiunoni. Ya Marekani ilibeba kwoti moja, pungufu kidogo ya lita, na ikibaki nusu maji yalicheza na kupiga kelele. Mfuko laini ukiutoa hewa haupigi kelele, na mtu hunywa bila kusimama wala kutumia mikono.

Nitajuaje kwamba begi liligawiwa na jeshi kweli?

Tafuta lebo. Usitazame rangi, usitazame ugumu, usimsikilize mtu. Ingiza mkono ndani ya mfuko mkubwa, upapase mshono wa nyuma. Kama hakuna, tazama chini ya kifuniko, kisha ndani ya ule mfuko mwembamba wa maji, ambako wauzaji huwa hawafiki. Lebo ya jeshi haina urembo: kitambaa cheupe au cha kijani, maandishi meusi yaliyobanana, hakuna nembo ya kumeremeta.

Mstari wa juu ni jina la kitu, na mara nyingi nomino hutangulia, sifa ikafuata baada ya mkato, kinyume cha maandishi ya dukani. Chini yake ndipo penye utamu: namba ya bohari, tarakimu 13, ikitanguliwa na herufi NSN. Huandikwa kwa mafungu manne: tarakimu nne, mbili, tatu, nne. Fungu la kwanza ni aina ya kitu. Vifaa vya askari binafsi, mabegi na mifuko ya maji ikiwemo, ni 8465. Ukikuta begi lina 8415, hiyo ni namba ya nguo; mtu amenakili lebo ya shati na kuibandika kwenye begi. Wanaoghushi hudhani hakuna anayesoma, na kwa kawaida hawakosei.

Fungu la pili, lile la tarakimu mbili, ni nchi. Mafungu mawili ya mwisho ni kitambulisho tu, hayana siri ya kufumbua.

Mstari mwingine ni namba ya mkataba. Kwa Marekani mingi ya miaka ya karibuni huanza na SPM au SPE, herufi na tarakimu sita kwa jumla, kisha kistari, kisha tarakimu mbili za mwaka wa fedha. Ukiona 09 mahali hapo, mkataba ni wa 2009. Baada ya hapo huja jina la kiwanda. Begi lenye namba ya bohari lakini lisilo na namba ya mkataba lichunguze mara mbili. Begi lenye alama za dobi, msimbo wa mistari wa dukani na ahadi ya dhamana ya maisha ni la dukani, hata likiwa zuri kiasi gani.

Tarakimu za nchi zinasomwaje?

00 na 01 ni Marekani. 99 ni Uingereza, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa, 15 Italia, 17 Uholanzi, 21 Kanada, 31 Israeli, 66 Australia, 18 Afrika Kusini. Hizi ndizo unazoweza kukutana nazo kwenye belo.

Angalizo moja: tarakimu hizi zinasema nchi iliyokiingiza kitu kwenye daftari, hazisemi kilishonwa wapi. Mfuko wa maji wa Source, kampuni ya Israeli, unaweza kuwa na 01 kwa sababu Wamarekani ndio waliouandikisha.

Limeandikwa limetengenezwa China. Basi ni feki?

Kama lebo hiyo hiyo inadai ni la jeshi la Marekani, ndiyo, na huna haja ya kuendelea kulipekua. Marekani ina sheria, ya tangu 1941, inayojulikana kama Berry, inayolazimisha wizara yao ya ulinzi kununua nguo na vitu vya kitambaa vilivyotengenezwa nchini mwao, kuanzia uzi. Lebo yenye 8465-01 juu na China chini inajipinga yenyewe.

Lakini sheria hiyo ni ya Marekani. Nchi nyingine hununua zinakotaka, kwa hiyo neno China kwenye begi la Ulaya peke yake halithibitishi kitu.

Lebo imekatwa. Nifanyeje?

Kwanza jiulize kwa nini ilikatwa. Mara nyingine ni askari mwenyewe, ilimkuna mgongo. Mara nyingine ni mtu ambaye lebo ilikuwa inamharibia biashara. Ukitazama mshono utaona: iliyokatwa zamani huacha kipande kilichochakaa na chenye nyuzi za kuchambuka, iliyokatwa jana huacha ukingo mkali.

Kisha toa rula ya mwanafunzi. Ile mikanda ya mlalo iliyo nje ya mabegi ya Marekani ni sehemu ya MOLLE, mfumo wa kuchomeka mikoba midogo nje ya begi, ulioingia jeshini 1997 kuchukua nafasi ya ule wa zamani ulioitwa ALICE. Vipimo vyake havibadiliki: mkanda una upana wa milimita 25, nafasi kati ya mkanda na mkanda ni milimita 25, na mshono wa kukaza hurudi kila baada ya milimita 38. Pima sehemu tatu au nne, pembeni na katikati. Feki huanza vizuri katikati kisha pembeni kitanzi kimoja kinakuwa 45, kingine 30, kwa sababu fundi alikuwa anagawa kitambaa kwa macho. Matokeo yake ni kwamba mkoba wa kuchomeka hukaa upande mmoja ukilegea.

Wakati rula iko hapo, itazame ile mishono ya kukaza yenyewe. Kwenye begi la kweli kila mshono ni kijistari kilichojaa, zigizaga iliyosongamana mpaka huoni kitambaa chini yake, na vyote vimelingana juu hadi chini. Kwenye feki zigizaga ina mianya, uzi umeachwa unaning'inia, na hapa na pale fundi ameruka mkanda mzima. Mimi huanza na sehemu ya chini ya mkanda wa bega, pale unapoungana na begi, kwa sababu ndipo uzito wote unapoangukia na ndipo fundi wa haraka anapobania uzi.

Klipu nazo zinasema. Geuza uisome kwa nyuma: ITW Nexus, National Molding, Duraflex ni majina ya kawaida kwenye mabegi ya Marekani. Klipu isiyo na jina si hukumu ya mwisho, maana klipu huvunjika na kubadilishwa, lakini kama zote sita hazina jina na zina ule mng'ao wa plastiki ya ndoo, umeshapata jibu. Zipu ipitishe mara kadhaa mpaka mwisho. Za jeshi huwa nene, nyingi ni YKK, na badala ya kichuma cha kuvutia hufungwa kamba ili zisilie.

Kitambaa ni naironi, mara nyingi ile ngumu ya chapa ya Cordura, ya denia (kipimo cha unene wa uzi) 500 au 1000. Ya 1000 ukiipitishia ukucha inakwaruza. Poliesta laini inayoteleza kama ya mwamvuli haijawahi kwenda vitani.

Rangi inaonyesha umri?

Kiasi. MOLLE ya mwanzo ilikuwa na mabaka ya msituni au ya jangwani. Kuanzia 2004 jeshi la nchi kavu la Marekani likaingia kwenye vijisanduku vya kijivu na kijani, ambavyo kwenye sare viliondolewa mwisho wa Septemba 2019. Ndiyo maana hayo ya kijivu yamejaa sokoni dunia nzima. Mabaka yaliyoyafuata yalianza 2015. Uingereza ilibadilisha yake 2010. Wanamaji wa Marekani (Marine) wana vijisanduku vyao, na humo wameficha nembo yao ndogo sana, tai, dunia na nanga, ambayo ukiitafuta kwa subira utaiona. Begi lao moja, lililobuniwa na Arc'teryx ya Kanada na kushonwa na Propper, ni kati ya mabegi bora kabisa niliyowahi kuyatia mkononi. Lakini lina mabaka, kwa hiyo tuliache lilipo.

Yao yaliyofuata ni ya rangi ya udongo tupu. Hayo sasa ni habari nyingine, na ndiyo ninayowaambia watu wayawinde.

Muuzaji anasema hii CamelBak ni ya jeshi. Kweli?

Inawezekana, lakini swali lenyewe lina mtego. Kuna begi lililogawiwa na jeshi, na kuna begi lililotumiwa na askari. Askari wengi huenda dukani kama sisi na kujinunulia. CamelBak iliwahi kuwa na safu nzima ya mabegi kwa ajili ya wateja hao, na baadhi yalipewa namba za bohari, mengine hayakupewa. Begi la namna hiyo lisilo na namba linaweza kuwa lilizunguka Afghanistan mgongoni mwa mtu, na lenye namba linaweza kuwa lilitoka bohari mpaka mnadani bila kuvaliwa.

Kwa mtumiaji tofauti hiyo haina maana sana. Kwa bei ina maana, kwa sababu unatozwa hela ya hadithi. Mwambie muuzaji kwa upole, "Mjomba, hadithi nimeipenda, naomba unionyeshe namba." Asipoonyesha, lipia begi.

Feki ni mbaya kuitumia?

Hata. Nakala nyingi hushonwa kwa ajili ya watu wanaocheza vita vya bunduki za plastiki, na baadhi ni imara kuliko mabegi ya shule tunayowanunulia watoto. Kwa kwenda Pangani kwa baiskeli na kurudi inatosha kabisa. Ubaya ni mmoja: kulipa bei ya halali kwa nakala. Kagua mikanda ya mabega, kagua tundu la mrija lisiwe limekatwa kwa mkasi bila kukunjwa ukingo, kisha taja bei yako.

Ndani kunanata na kunanuka kama matapishi. Litasafishika?

Hilo ndilo tatizo kubwa la mabegi haya hapa pwani, na linaua mengi kuliko feki. Kitambaa hupakwa kwa ndani ngozi nyembamba ya poliyurethani ili kisipitishe mvua. Ngozi hiyo, ikikaa kwenye joto na unyevu kwa miaka, huvunjika yenyewe: kwanza inanata, kisha inatoa hiyo harufu, mwisho inabanduka vigamba vinavyoshika nguo. Begi lililofungwa ndani ya belo, likasafiri baharini ndani ya kontena, kisha likakaa stoo ya Ngamiani masika nzima, limepata kila kitu kinachohitajika kwa ugonjwa huo.

Dobi hauponyi. Jaribio lake ni rahisi: kunja kona ya ndani, uibane kwa vidole muda kidogo, uachie. Ikijishika kabla ya kuachana, acha begi. Kama ngozi imeshabanduka yote na chini yake naironi ni nzima, unaweza kuikwangua kwa brashi ngumu ukabaki na begi imara lisilozuia mvua. Kwa bei ya chini kabisa mimi ningelichukua, nikaweka ndani mfuko mwingine usiopitisha maji.

Harufu ya ukungu wa kawaida ni jambo jingine. Hiyo huondoka kwa sabuni, maji mengi na kivuli chenye upepo. Usilianike jua kali siku nzima. Jua la Raskazone hula nyuzi.

Mfuko wa maji uliokuja na begi niunywee?

Hapana. Najua unavyoonekana, mzito na wa maana, na mpya una bei. Lakini hujui ulibebeshwa nini. Askari huchanganya unga wa vinywaji vya sukari humo, na sukari ikibaki ndani ya mrija huacha utando ambao brashi haiutoi. Shika mrija uuelekeze kwenye mwanga, uupitishe polepole mbele ya macho, hasa pale unapokunjwa na pale unapoingia kwenye mdomo wa kung'ata. Utaona madoadoa meusi au kiwingu cha rangi ya chai. Huo ni ukungu na jamii zake.

Kama umefungwa bado kwenye pakiti yake, hilo ni jambo tofauti. Vinginevyo nunua begi, utupe mfuko, utafute mfuko mpya wa lita 2 au 3. Hauhitaji kuwa wa jeshi. Chukua vipimo vya ile nafasi ya ndani, urefu na upana, na utazame kama kitanzi cha juu kitaushika. Mifuko mingi ya dukani huingia bila shida.

Mpya nao nausafishaje?

Kabla ya kuutumia mara ya kwanza, ujaze maji ya vuguvugu na vijiko viwili vya chai vya bekingi soda, utikise, uache nusu saa, kisha upitishe maji hayo kwenye mrija kwa kuubana mdomo. Suuza mpaka ladha ya plastiki ipungue. Ikigoma, ndimu.

Baada ya hapo kanuni ni kuukausha. Kwenye unyevu wetu mfuko uliofungwa ukiwa na matone hufanya ukungu upesi. Uning'inize kifuniko kikiwa wazi, weka kitu ndani kuzitenganisha kuta zake, toa mrija uuning'inize peke yake. Mwenye friza aukung'ute maji, kisha auweke humo. Baridi huuzuia ukungu usikue. Tia maji matupu tu. Juisi ya ukwaju ni tamu sana ikiwa baridi mgongoni, na baada yake mrija unakuwa wa kutupa.

Nijaze lita ngapi?

Lita moja ni kilo moja, na mfuko wa lita 3 ukijaa unabeba kilo tatu kabla hujaweka hata chapati. Kwa matembezi ya Amboni, lita moja na nusu inamtosha mtu mzima. Kwa kupanda Magoroto kutokea Muheza mchana, jaza. Ukishafunga kifuniko, geuza mfuko chini juu na unyonye hewa yote kupitia mrija.

Mdomo unavuja.

Angalia kama una swichi ya kufunga, mingi inayo na watu hawaioni. Kama hauna, uchomoe uoshe. Punje ya mchanga kwenye mpasuko wake inatosha kuuacha wazi. Ukiwa umechanika kwa kung'atwa, mpya hupatikana peke yake.

Nina begi langu zuri la kawaida. Fundi anaweza kuniwekea nafasi ya mfuko wa maji?

Anaweza, na kwa wengi hili ndilo jibu bora kuliko kuhangaika na belo. Mwambie fundi viatu, mwenye mashine ya kushona ngozi, asiwe fundi wa nguo. Ashone mfuko mwembamba wa ndani upande wa mgongo, uwe wazi juu, na kitanzi cha mkanda katikati ya mshono wa juu, akikishika pamoja na mshono mkuu wa begi, kwa maana kilo tatu zitaning'inia hapo. Tundu la mrija liwe chini kidogo ya mkono wa kubebea, lifunikwe na kipande cha kitambaa ili mvua isiingie, na ukingo wake ukunjwe kabla ya kushonwa. Vitanzi viwili vya lastiki kwenye mkanda wa bega vinatosha. Mwachie mfuko wako wa maji aupime ukiwa umejaa. Ukiwa mtupu atakushonea nafasi ndogo.

Mrija umekatika. Naweza kuweka paipu ya petroli ya bodaboda? Unene ni ule ule.

Unene unaweza kuwa ule ule, mrija haufai. Paipu ya mafuta haikutengenezwa kwa kinywa cha mtu, na ladha yake hutaisahau. Mirija ya mifuko hii mingi ina tundu la takriban milimita 6 na unene wa nje wa takriban milimita 9 na nusu. Chukua kipande chako kama kipimo, uulize mrija wa plastiki wa daraja la chakula, kama ule wa mashine za kuchuja maji ya kunywa. Ukate ukingo wake uwe sawa kwa wembe, uchovye ncha kwenye maji ya moto ilainike, ndipo uusukume kwenye shingo ya mfuko.